Sura ya Saba: Ng'ombe Mmoja, Walaji Mia

Muuza nguo anunuapo jora la kitambaa hujua ya kuwa wari ya kwanza na wari ya mwisho ni sawasawa, na kwamba ile isiyopata mteja leo itampata mwezi ujao bila ya kupungua urefu wake. Muuza chumvi naye ana gunia lisilojua asubuhi wala jioni. Lakini mwenye bucha hununua kitu kimoja, kisha hulazimika kuuza vitu vingi visivyofanana hata kidogo, kila kimoja kwa mlaji wake, na vyote kabla wakati haujamnyang'anya. Ng'ombe aliyetundikwa kwenye kulabu alfajiri ana sarara mbili nyembamba ambazo kila hoteli inazitamani; walakini ana shingo pia, ana magoti, ana mbavu zenye nyama haba, na Muumba wake hakumpa sarara nne ili kumridhisha mwenye duka. Wengi walionijia kutaka shauri juu ya kufungua bucha wameniuliza bei ya mizani, bei ya friza na kodi ya chumba. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza atamwuzia nani shingo.

Mimi nililijua jambo hili kwa ami yangu, aliyekuwa na bucha Magomeni, chumba kimoja chenye dirisha la wavu na gogo la mkwaju lililobonyea katikati kwa mapigo ya shoka ya miaka mingi. Baba yake alikuwa mchinjaji wa zama za ratili, na yeye mwenyewe, ijapokuwa aliuza kwa kilo maisha yake yote, alizoea kusema “ratili ya haki” kila alipotaka kusifu kipimo cha mtu. Nikiwa kijana wa shule nilisimama nyuma ya meza yake siku za likizo, kazi yangu ikiwa ni kufukuza nzi, kupokea fedha na kunyamaza. Kila asubuhi, kabla hajagusa kisu, alimzunguka ng'ombe aliyetundikwa kama fundi anayezunguka mti kabla ya kuupasua, akawa anataja watu kwa sauti ya chini: shingo hii ya mama lishe wa kituoni, goti hili la yule mzee wa supu, mbavu hizi za vijana wa Jumamosi, ini la mama aliyejifungua nyumba ya tatu. Siku moja nilithubutu kumwuliza, “Ami, kwa nini wahesabu watu na nyama bado haijakatwa?” Akanijibu, “Mwanangu, nyama nimekwisha inunua. Watu ndio sijawapata.”

Tuanze basi na huko nyama inakotoka, kwa kuwa taksiri nyingi zinazoonekana mezani zilizaliwa mbali na meza. Ng'ombe wengi wanaolisha Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu, wakitoka Shinyanga, Mwanza, Singida, Dodoma na kwingineko bara, zamani kwa mabehewa ya reli ya kati na siku hizi zaidi kwa malori. Na kutoka hapo hupelekwa machinjioni, ambako Vingunguti ndiko mashuhuri kuliko kote. Mnyama aliyesimama garini safari nzima bila ya maji wala pumziko hufika akiwa ameitumia akiba yote ya sukari iliyomo katika misuli yake, na sukari hiyo ndiyo ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka uchachu wa asili unaoihifadhi nyama. Kipimo cha uchachu, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, katika msuli wa mnyama aliye hai hukaribia 7, na kwa mnyama aliyepumzika hushuka hadi takriban 5.5 katika muda wa siku moja. Lakini kwa mnyama aliyechoka na kutishwa hakishuki inavyostahiki, na nyama yake hutokea nyeusi, ngumu ya kunata, na huharibika upesi. Mushtari huitazama akasema ni nyama ya ng'ombe mzee au ni nyama ya jana, ilhali ni ya leo na ya mtamba, na kosa si la mwenye bucha. Hata hivyo yeye ndiye anayelaumiwa, na kwa hiyo ni wajibu wake kwenda kuwaona wanyama wakiwa hai, au kuwa na mtu mwaminifu wa kuwaona kwa niaba yake, badala ya kupokea chochote kinacholetwa na gari alfajiri.

Jambo la pili la kutazamwa ni muhuri. Mkaguzi wa nyama hupasua ini kutafuta minyoo bapa, hukata misuli ya taya na moyo kutafuta vijifuko vya tegu, hutazama mapafu na tezi zake kutafuta dalili za kifua kikuu, na ndipo hugonga muhuri wake juu ya paja na bega. Wapo wanaouona ukaguzi huu kuwa ni ada tu ya kulipwa, nao ni wale wasiokumbuka mwisho wa mwaka 2006 na miezi ya mwanzo ya 2007, ilipozuka Homa ya Bonde la Ufa katika Kenya na Tanzania, watu wakaiogopa nyama nyekundu kama waogopavyo moto, na wateja wakakimbilia samaki, kuku na maharage. Siku kama hizo hakuna tangazo linaloweza kumnusuru mwenye bucha isipokuwa sifa aliyoijenga siku za salama, ya kwamba nyama yake haikosi muhuri na kwamba akiulizwa ilichinjwa wapi na nani, hujibu bila ya kutafuta maneno. Katika miji yetu ya pwani swali la “nani kachinja?” lina uzito wa dini pia, mteja Mwislamu anataka kujua ya kuwa jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa na koo likakatwa ipasavyo, na ni haki yake kujibiwa kwa adabu. Ni kwa sababu hiyo nyama ya nguruwe ina mabucha yake ya peke yake, yenye visu vyake na mizani yake, na haifai kamwe kuchanganywa na hili tunalolizungumza.

Mahali pa bucha huchaguliwa kwa macho ya jioni. Asubuhi huja mama lishe na wenye hoteli, ambao wangekufuata hata uchochoroni kwa kuwa wanahitaji kilo nyingi. Lakini kilo moja moja na nusu nusu, ambazo ndizo zinazomaliza ng'ombe, hununuliwa na watu washukao daladala jua linapotua, na hao hawageuki nyuma kufuata nyama. Chumba kinachotazama magharibi bila ya kivuli hupigwa na jua saa ile ile ambayo nyama imekwisha kaa siku nzima, na jua hilo litamla mwenye bucha polepole kuliko kodi. Pawe na maji ya kutosha na mfereji wa kuyatoa, pawe mbali na jaa na vumbi la gereji, kuta zivikwe vigae vyeupe hadi juu ya kimo ambacho damu yaweza kurukia, na sakafu iinamie upande mmoja ili maji yasituame. Kioo au wavu uwepo baina ya nyama na barabara. Juu ya taa nitasema bila ya kuficha: wako wanaotundika balbu nyekundu juu ya kulabu ili nyama iliyopauka ionekane mbichi, na mimi nahesabu jambo hilo kuwa ni ghiliba sawa na kutia maji maziwa. Nyama iangazwe kwa taa nyeupe, na ile isiyoweza kustahimili taa nyeupe isiwekwe mezani.

Kuhusu ruhusa sitakawia: leseni ya biashara ya halmashauri, nambari ya mlipakodi, usajili wa Bodi ya Nyama, iliyoundwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, vyeti vya kupimwa afya kwa kila mtu agusaye nyama, na makoti meupe ambayo hayana budi kuwa meupe kweli. Haya yote huelezwa vizuri na maofisa wenyewe, na mwenye kuyatimiza kabla ya kufungua mlango hupata usingizi ambao wenzake hawaupati.

Twende kwenye kisu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye ala nyama, nao walikuwa na maana yao. Bali katika bucha maneno hayo ni kweli hata kwa zahiri yake, kwa sababu kisu butu hurarua, na nyama iliyoraruliwa hutoa maji, na maji yale ni uzito uliolipiwa machinjioni unaotiririka kwenye mfereji. Ami yangu alikuwa na visu vitatu na kinoo kimoja, na kisu chembamba cha kutenganishia nyama na mfupa hakumkopesha mtu hata ndugu yake. Gogo nalo lina kadhia yake. Wasimamizi wa siku hizi huhimiza msumeno wa umeme na meza ya chuma isiyoshika kutu, na wana haki, kwa kuwa mti uliopasuka huficha damu katika nyufa zake, shoka hutapanya vijiwe vya mfupa ndani ya nyama, na kila pigo hupoteza chembe ambazo jioni ukizikusanya utastaajabu. Nalipenda lile gogo la mkwaju, na sauti yake ningali naisikia. Lakini mtu anayeanza leo namshauri anunue msumeno, na kama hana uwezo, basi alikwangue gogo lake kila usiku, alimwagie maji ya moto, alipake chumvi, na alikate upya uso wake kila linapopasuka.

Sasa tumefika penye kiini cha sura hii. Kumkata ng'ombe ni kuwajua walaji. Wali wa pilau hautaki steki. Wataka nyama yenye mfupa na mafuta kidogo, ili mchuzi upate nguvu na punje zipate kung'aa, na mama ajuaye kupika pilau atakununia ukimpa pande lisilo na mfupa hata kama ni ghali zaidi. Mishikaki yataka nyama ya paja isiyo na nyuzi, na mwuza mishikaki hodari atakuomba pia nundu, kwa sababu kipande kimoja cha nundu baina ya vipande viwili vya nyama huilainisha safu nzima juu ya makaa. Shingo ni tamu kuliko sifa yake, lakini yataka moto wa polepole wa saa mbili, kwa hiyo haifai kumwuzia msichana aliyetoka kazini saa kumi na mbili na mume anangoja. Mwuzie mwenye supu, ambaye sufuria yake hukesha jikoni. Miguu ni ya makongoro, mkia una watu wake wasiokubali badala, na mifupa mitupu, iliyokatwa ili uboho uonekane, ndiyo kifungua kinywa cha nusu ya wachukuzi wa mjini. Vipande vidogo vinavyobaki penye gogo, ambavyo mwenye bucha mvivu huvitupia paka, husagwa vikawa kima. Na kima katika mwezi wa Ramadhani, wakati kila nyumba inakaanga sambusa na katlesi, huweza kuuzwa kwa kasi inayoipita steki.

Hapana siri kwamba kazi hii ina njia nyepesi mahali pengine. Kiwanda cha Tanganyika Packers kule Kawe, ambacho katika zama zake kilitia nyama ya ng'ombe wa nchi hii makoponi na kuisafirisha ng'ambo, kilikuwa na ufumbuzi wake wa kadhia ya shingo: humo shingo na bega na kifua viligeuka kuwa kitu kimoja ndani ya kopo, na mlaji wa mbali hakuuliza alikula kipi. Kiwanda kilifungwa zamani, na jina lake limebakia kwa viwanja. Mwenye bucha hana kopo, ana uso wa mteja tu, na ulimi wake mwenyewe wa kumwambia, “Mama, leo usichukue steki, chukua hii ya bega, uiweke na nazi, kesho utaniambia.” Maneno hayo, yakiwa ni ya kweli, ndiyo yanayouza ng'ombe mzima, na yakiwa ya uongo huuza bega moja na kumpoteza mama.

Na tufanye hesabu ya mfano, kwa bei nilizozichagua ili iwe nyepesi, na kila mtu aweke za mtaani kwake. Tuseme umenunua mwili wa ng'ombe wenye kilo 120 kwa shilingi 9,000 kila kilo, yaani shilingi 1,080,000. Kilo 3 zitapotea kwa kukauka, kwa chembe za msumeno na kwa vile visivyofaa, zibakie 117. Ukapata steki kilo 40, ukaziuza kwa shilingi 12,500, ni 500,000. Mchanganyiko wa nyama na mfupa kilo 60 kwa 10,500, ni 630,000. Mifupa ya supu kilo 17 kwa 5,000, ni 85,000. Jumla ni shilingi 1,215,000, na ziada ni 135,000, ambayo ndani yake mna kodi, umeme, ujira wa kijana, usafiri na chakula chako. Sasa fikiri ya kuwa steki zote zimekwisha kabla ya adhuhuri, wewe ukafurahi, lakini mifupa hukumpata wa kumwuzia na kilo 5 za mchanganyiko zimelala hadi zikatupwa. Umekosa 85,000 na 52,500. Mauzo yamekuwa 1,077,500. Na wewe, uliyeuza kilo 95 za nyama nzuri kwa siku moja, umepata hasara ya shilingi 2,500 kabla hujamlipa mtu yeyote. Ni hesabu hii, wala si husuda ya majirani wala uchawi, inayofunga mabucha mengi katika mwaka wao wa kwanza, na nimewaona wenye mabucha hayo wakisema mbele yangu ya kuwa biashara ilikuwa nzuri mno na hawajui fedha zilikwenda wapi.

Mtu atasema: si tuweke frizani? Baridi ni neema, lakini ina adabu zake. Jamaa yangu mmoja alifungua bucha la fahari, la vioo na vigae, akanunua friza kubwa, na kila alfajiri akawa anatumbukiza mapaja yangali na joto la uhai ili yasipotee hata saa moja. Baada ya mwezi wateja wakaanza kumrudia na malalamiko: nyama ni ngumu kama ngozi ya ngoma, wameichemsha mpaka mkaa umekwisha. Alidhani analetewa ng'ombe wazee akawabadilisha wachuuzi wawili, ilhali mkosa alikuwa ni friza. Msuli wa ng'ombe au kondoo ukipozwa chini ya nyuzi 10 kabla hazijapita saa 10 hivi tangu kuchinjwa hujikunja kwa nguvu, na hiyo kujikunja haiondoki jikoni. Nyama itundikwe kwanza mahali penye ubaridi wa wastani na hewa inayopita, imalize kukakamaa, ndipo iingie kwenye nyuzi 0 hadi 4. Na ikipata kulala humo siku moja au mbili hulainika kwa kazi ya vimeng'enya vyake yenyewe, ingawa watu wetu, waliozoea kuiona nyama ingali na joto la asubuhi, husita kuamini. Hadhari ya umeme nayo isisahauliwe: friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huweza kushika ubaridi wake takriban siku mbili, na iliyojaa nusu tu, siku moja, na katika joto la pwani heri uhesabu pungufu. Kinachoharibu zaidi ni mkono wa mwenye duka mwenyewe, unaofungua kifuniko kila saa ili kuona kama nyama ingali baridi.

Kuku ni habari nyingine. Kwa ng'ombe unanunua mmoja na kuwagawia wengi. Kwa kuku unanunua wengi, na kila mmoja huenda na mtu wake akiwa mzima. Kuku wa kienyeji, ambao Singida imepata sifa kwao, hufika mjini katika matenga juu ya mabasi na malori, na mnunuzi wao hutaka kumwona akiwa hai, ampapase kidari, amtazame upanga na macho, kisha ndipo achinjiwe. Kwa hiyo anayewauza hahitaji friza kubwa bali banda safi, maji ya moto na subira. Kuku wa kisasa, ambaye hufikia kuchinjwa akiwa na majuma matano au sita, ana bei nafuu na hulainika upesi, naye ndiye aliyefanya kuku kuwa chakula cha siku ya kazi badala ya kuwa chakula cha mgeni. Maji ya kunyonyolea yasichemke: yakikaribia nyuzi 60 manyoya hutoka na ngozi husalimika, na yakitokota ngozi huiva, ikachanika, na kuku akaonekana mgonjwa. Siku hizi wengi hutaka vipande, na hapo kadhia ya ng'ombe hurudi katika umbo dogo, maana mapaja na vidari hukimbiliwa na shingo na miguu hubaki. Tofauti ni kwamba firigisi, ambazo zamani zilikuwa haki ya baba mwenye nyumba, sasa zina soko lao na hazilali.

Lakini neno nitakalolikariri juu ya kuku ni la usafi. Matumbo ya kuku mwenye afya kabisa huweza kuwa na vijidudu vya salmonela na kampilobakta, ambavyo havimdhuru yeye na humlaza mtu kitandani. Navyo hufa kwa moto, illa mteja anayekula kachumbari iliyokatwa kwa kisu kilichopasua kuku hana moto wa kumlinda. Kwa hiyo kuku wawe na meza yao, kisu chao, kitambaa chao na sinia lao. Wakiwa katika jokofu moja na nyama ya ng'ombe wakae chini, kamwe wasikae juu ambako majimaji yao yatadondokea vilivyo chini. Na kuku aliyekwisha yeyushwa asigandishwe tena, hata ikiwa ni hasara. Anayefanya kazi hizi mbili kwa mikono ile ile anawe kwa sabuni baina yake. Ikiwa nafasi yako ni ndogo mno kutenganisha, chagua moja. Mimi ningechagua ng'ombe, lakini mtaa ndio unaojua.

Mizani nayo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa alama yake, na Qurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Kwa hiyo juu ya dhulma sina la kuongeza. Nitasema juu ya ukarimu, ambao hausemwi. Mkataji mwenye moyo mwema anayezidisha gramu 50 katika kila kilo, katika zile kilo 117 za mfano wetu, atakuwa amegawa karibu kilo 6 kabla ya magharibi. Nyongeza iwepo, kwani ndiyo murua wa biashara yetu, lakini iwe ni kitu unachokijua, kipande cha mfupa wa uboho au kijimafuta cha kukaangia, kilichotengwa tangu asubuhi kwa kazi hiyo. Mteja atakishukuru zaidi kwa kuwa amekiona kikitiwa juu ya mizani iliyokwisha kutulia. Na tangu Juni 1, 2019, ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara, mtu huja na kikapu au hununua mfuko mbadala, na mfuko huo usipimwe pamoja na nyama.

Ami yangu alikuwa na kipimo chake kimoja cha mkataji, na hakukitangaza. Alipomwajiri kijana mpya alikuwa akimwacha peke yake, kisha akaketi kibarazani upande wa pili wa njia hadi aje mtoto aliyetumwa, mwenye noti iliyokunjwa ndani ya kiganja, asiyefikia kimo cha meza wala kujua tofauti ya goti na paja. Mtoto alipopita alimwita, “Njoo, mwanangu, nionyeshe alichotuma mama,” akakifungua, akakitazama, akakifunga. Vijana wawili waliondoka jioni ya siku yao ya kwanza. Hakuwatukana, aliwalipa ujira wao akawaambia watafute kazi ambayo mteja wake ana urefu.

Kalenda ya bucha haifanani na ya ukutani. Mwisho wa mwezi ni steki, katikati ya mwezi ni mchanganyiko, na Januari, wakati ada na sare za shule zimekwisha beba kila kitu, ni mifupa na utumbo. Siku za mwisho za Shaaban watu huvunja jungu na nyama haitoshi. Katika Kwaresima Wakristo wengi hupunguza, na ijumaa zake ni nyembamba. Siku ya Pasaka na Krismasi na Idi ya mwezi mosi Shawwal weka oda mapema, la sivyo utaletewa walichokikataa wengine. Idi ya kuchinja huwadanganya wageni wa kazi hii: wao huagiza ng'ombe wawili wakidhani ni sikukuu kama nyingine, kumbe mtaa mzima umejaa nyama ya udhia, majirani wanagawiana kwa masinia, na mwenye bucha hukaa siku tatu akizitazama kulabu zake. Ami yangu alifunga mlango siku hizo akaenda kuwatazama jamaa zake Bagamoyo.

Lililosalia ni deni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika bucha hupotea kwa njia ya wenye hoteli, ambao huchukua kilo kumi kwa ahadi ya jioni, jioni wakalipa za juzi, na kabla ya mwezi kwisha wamekaa juu ya rasilmali yako na wewe ndiwe unayewapigia simu kwa unyenyekevu. Mkopo usizidi nyama ya siku moja: asiyelipa ya jana asichukue ya leo. Kwa bibi kizee wa jirani sheria ni nyingine, na daftari lake ni jingine, na mtu asiyekuwa na daftari hilo la pili sidhani ataipenda kazi hii.

Saa mbili usiku ami yangu alikuwa akishusha wavu. Mimi nilikwangua gogo, nikalimwagia maji ya moto, nikalipaka chumvi. Yeye alifuta visu akavitundika kwa safu, kisha akasimama mbele ya kulabu na kutazama kilichobaki, nacho mara nyingi kilikuwa ni goti moja au kipande cha shingo, ambacho alikifunga katika karatasi kwa ajili ya nyumbani kwetu. Ndipo alipochukua simu kumwita mchuuzi wa Vingunguti. Hakuanza kwa bei. “Kesho Alhamisi,” alisema, “mwenye supu ana khitma, atataka miguu yote na shingo nzima. Niletee mdogo, mwenye mifupa minene.”